Uchumi Ukiyumba, Kazi za Kompoziti Huhama Kabla ya Kufa

Julai 2009 wafanyakazi wa kiwanda cha Vestas katika kisiwa cha Isle of Wight, Uingereza, walijifungia ndani ya ofisi za kiwanda wakakataa kutoka. Walikuwa mafundi wa mapanga ya mitambo ya upepo, yale marefu ya faiba yanayozungushwa na upepo kuzalisha umeme, na kampuni ilikuwa imetangaza kufunga. Zaidi ya watu 400 walikuwa wanapoteza kazi. Mwaka huohuo dunia ilisimika mitambo mipya ya upepo yenye uwezo wa takriban gigawati 38, kutoka gigawati 27 mwaka uliotangulia. Haikuwa imewahi kusimikwa mingi kiasi hicho katika mwaka mmoja. Soko lilikuwa linapanda huku mafundi wake wakipigwa kalamu. Sababu yenyewe haikuwa fumbo: mapanga ya kiwanda kile yalikuwa yakipelekwa Marekani, na Vestas ilikuwa inajenga viwanda kulekule, katika jimbo la Colorado. Panga la mita 40 ni mzigo wa kuvusha bahari ukiwa huna njia nyingine, na sasa njia nyingine ilikuwepo.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha ubovu wa swali ambalo anayeanza kazi hii huuliza kila mara habari za uchumi zinapokuwa mbaya: je, tasnia ya kompoziti itahimili? Hakuna kitu kimoja cha kuhimili. Kompoziti ni namna ya kutengeneza vitu. Unachukua nyuzi za kioo, za kaboni au za aramidi, unazilowesha resini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, unaiacha iive juu ya kalibu, na unapata kitu chepesi kisichoshika kutu. Ujuzi huo unatumiwa na watu wasiofahamiana kabisa: mjenzi wa ndege, mtengeneza boti, kampuni ya umeme, mkandarasi wa mabomba ya majitaka, muuza fimbo za kuvulia samaki. Kila mmoja wao ana neema yake na njaa yake, na mara nyingi njaa ya mmoja huja wakati mwenzake ameshiba. Kwa hiyo ajira yako katika mdororo haiamuliwi na hali ya kompoziti. Inaamuliwa na mteja wa mwisho wa kitu unachokitengeneza, na urahisi wa wewe kumwacha huyo ukaenda kwa mwingine.

Mwanzo wa miaka ya 1990 ulionyesha jambo hili kwa ukatili. Vita baridi viliisha, bajeti za kijeshi zikakatwa. Ndege ya kivita ya Marekani ya B-2, ambayo ilibeba kompoziti nyingi kuliko karibu kila kitu kilichokuwa kimewahi kuruka, ilipangwa zijengwe 132, zikaishia 21. Viwanda vilivyokuwa vimejitanua kwa ajili ya oda hizo vilibaki na mashine zinazong'aa na hakuna wa kumuuzia. Hexcel, moja ya majina makubwa kabisa katika biashara hii, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Desemba 1993. Huku upande wa pili, wa boti za starehe, mdororo ulikutana na kodi ya anasa ambayo Marekani ilianza kutoza mwaka 1991: asilimia 10 ya sehemu ya bei iliyozidi dola 100,000. Matajiri hawakulipa. Waliacha tu kununua, na maumivu yakashuka hadi kwa mtu aliyeshika rola na ndoo ya resini. Kodi ilifutwa mwaka 1993, lakini karakana nyingi zilikuwa zimeshafunga milango.

Katika karakana za boti za wakati ule ilikuwepo Tillotson-Pearson ya Rhode Island, iliyojulikana kwa mashua za J/24. Mmoja wa waanzilishi wake, Everett Pearson, alikuwa katika kizazi cha kwanza kilichothibitisha kwamba mashua ya faiba inaweza kutengenezwa kwa wingi kama gari. Kampuni haikung'ang'ania boti peke yake. Ilipeleka mikono yake kwenye bidhaa nyingine, na baadaye ikahamia kwenye mapanga ya upepo, ikabadili jina kuwa TPI Composites, ikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mapanga duniani. Ukiitazama kwa mbali, panga la upepo na ganda la mashua ni ndugu: nusu mbili kubwa, kalibu ndefu, ombwe la kuvuta resini ipenye kwenye vitambaa, gundi ya kuunganisha. Wakubwa walihama na ujuzi ukahama nao. Ila kisa hakiishii hapo, na ndiyo maana nakipenda. Agosti 2025 TPI hiyohiyo ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa ufilisi. Iliyookoka kwa kuhama ilikuwa imeweka karibu kila kitu chake kwenye panga moja, kwa wateja wachache wakubwa.

Basi mtu asome vipi dalili kabla ya kalamu kushuka? Hapa ndipo ninapotofautiana na ripoti za soko, zile zinazouzwa kwa bei ya gari kuukuu na kutabiri ukuaji wa asilimia fulani kila mwaka kwa miaka kumi ijayo. Sijaona ripoti ya aina hiyo ikitabiri anguko. Kuna mambo mawili ya kuangalia ambayo hayahitaji kununua kitu.

La kwanza ni bei ya mafuta. Kompoziti mara nyingi ni ghali siku ya kununua na rahisi siku za kutumia. Ndege nyepesi inakunywa mafuta kidogo, bomba lisiloshika kutu halibadilishwi. Mnunuzi akibanwa hutazama bei ya leo, na kwa hiyo mdororo wa kawaida hutudhuru. Lakini mdororo unaoletwa na mafuta kupanda hutusaidia, angalau sisi wa upande wa ndege. Baada ya mshtuko wa mafuta wa 1973, NASA ilianzisha mwaka 1976 mpango wa kupunguza matumizi ya mafuta ya ndege, na ndani yake sehemu za kompoziti zikafungwa kwenye ndege za abiria zilizokuwa kazini: usukani wa mkia wa DC-10, vipande vya mkia vya Boeing 727 na 737. Uchumi ulikuwa mgonjwa, lakini ugonjwa wenyewe ndio uliolipia utafiti. Miaka mingi baadaye matokeo ya njia ile yalionekana kwenye Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti.

La pili ni riba. Mtambo wa upepo haununui mafuta. Karibu gharama yake yote hulipwa kabla haujazunguka hata mara moja, na hulipwa kwa mkopo. Mwanzoni mwa 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Katikati ya 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Kabla mwaka huo haujaisha, kampuni ya Ørsted ilifuta miradi miwili ya upepo wa baharini, Ocean Wind 1 na 2, nje ya pwani ya New Jersey, ikitaja riba na ugavi uliosuasua. Fundi anayelaza vitambaa kwenye kalibu ya panga anaweza kudhani benki kuu ni habari za watu wa suti. Akijua kusoma mstari mmoja tu wa gazeti la uchumi, asome ule.

Mwaka 2020 ulileta mdororo wa namna ya peke yake, na ndio unaotufundisha zaidi kuhusu kuhama. Airbus ilikabidhi ndege 863 mwaka 2019. Mwaka uliofuata 566. Boeing ilikuwa inaunda 787 kumi na nne kwa mwezi, ikashuka hadi tano. Maana yake kwa mtu anayetengeneza ganda la kaboni la ndege hiyo ni kwamba karibu theluthi mbili za kazi ziliyeyuka, bila yeye kukosea chochote. Na wakati huohuo, watu waliofungiwa majumbani waligundua kwamba katikati ya maji hakuna msongamano. Mauzo ya boti Marekani yakapanda kufikia kiwango ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka kumi. Viwanda vya boti vilitafuta mikono, na mikono ilikuwa nje, imepunguzwa kwenye ndege. Ungedhani ni hesabu ya kujumlisha tu.

Haikuwa, na haiwi. Fundi wa ndege amezoea kitambaa kilichokwisha loweshwa resini kiwandani, kinachohifadhiwa ndani ya friza kwenye selsiasi 18 chini ya sifuri, chenye saa zake zilizohesabiwa tangu kilipotoka kwenye baridi. Anafanya kazi kwenye chumba kisicho na vumbi. Kila tabaka analolaza linatiwa saini. Kipande kinaingia kwenye otoklevu, lile tanuri lenye shinikizo, na kinaiva kwa ratiba ambayo hana ruhusa ya kuigusa. Fundi wa boti anapulizia rangi ya juu kwenye kalibu, anatia hadina, kemikali ya kuigandisha resini, kwa kipimo kinachobadilika na joto la siku, na ana dakika chache za kumaliza kabla resini haijaanza kuganda ndani ya ndoo. Mmoja analipwa kwa kutokosea, mwingine kwa kuwahi. Msimamizi wa boti humwona mtu wa ndege mzito kama anasali, naye msimamizi wa ndege humwona mtu wa boti kama mpishi wa sherehe. Wote wawili wana haki kidogo.

Lakini wakae pamoja miezi mitatu, utaona kinachobaki. Kutafuta mahali mfuko wa ombwe unapovuja, kwa sikio na kwa subira, ni ujuzi uleule. Kujua kwamba tabaka nene likiachwa lijipashe moto lenyewe litachemka na kuungua ndani, ni ujuzi uleule. Kusafisha kalibu, kuipaka dawa ya kuachia, kusoma mapovu kwenye kipande kilichokatwa na kusema yametokana na unyevu au na shinikizo dogo, yote hayo hayajali kama kitu kitaruka au kitaelea. Anayejua kwa nini kipande kimeharibika ana bei katika kila soko. Anayejua tu hatua za kipande fulani, nambari fulani, ana bei kwa mwajiri mmoja, na mwajiri huyo anajua hivyo.

Kuna mahali pengine kamba hukatikia, napo ni kwenye makaratasi. Chukua kazi ya ukaguzi, kupima kipande kwa mawimbi ya sauti bila kukikata. Watu hushauriwa kwamba ni kimbilio zuri, na ni kweli. Ila yapo makaratasi ya aina mbili. Katika ndege, viwango vya NAS 410 na EN 4179 vinamfanya mwajiri ndiye anayekuthibitisha; ukiondoka, uthibitisho unabaki mlangoni. Kiwango cha ISO 9712 hutolewa na chombo huru, na cheti ni chako. Mtu aliyekagua mabawa kwa miaka minane chini ya mfumo wa kwanza anaweza kutoka bila karatasi inayosema lolote, isipokuwa awe amebeba kumbukumbu zake za mafunzo, mitihani na saa za kazi, ambazo mwajiri mpya anaweza kuzikubali na kumpunguzia safari. Kumbukumbu hizo huombwa ukiwa bado una kitambulisho cha mlangoni. Baada ya barua ya kupunguzwa, mtu wa ofisi ya wafanyakazi uliyemzoea huenda naye amepunguzwa.

Matengenezo ndiyo jibu linalofuata ambalo kila mtu hulitoa: vipya vikikosa mnunuzi, vya zamani vitatengenezwa. Nalikubali nusu. Kwa mapanga ya upepo liko sawa kabisa, kwa sababu mtambo uliosimikwa unaendelea kuzunguka mdororo uwepo usiwepo, na ncha ya panga inayokata hewa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa hulika na mvua na mchanga kama kuni iliyopigwa msasa. Mtu anayeweza kuning'inia kwenye kamba, kufuta sehemu iliyolika, kulaza vitambaa na kuivisha resini huku upepo ukimtikisa ana kazi hata mwaka ambao hakuna panga jipya linalotoka kiwandani. Taasisi ya Global Wind Organisation ina mafunzo maalumu ya ukarabati wa mapanga, na cheti chake kinatambulika kwa waajiri wengi. Kwa ndege jibu linategemea aina ya mdororo. Ndege zikiruka na mashirika yakaahirisha kununua mpya, mafundi wa ukarabati hushiba. Ndege zikiegeshwa uwanjani, kama mwaka 2020, nao hulala njaa pamoja na wajenzi.

Wahandisi wapya nao nina neno nao, na halitawafurahisha. Wengi hutoka chuoni wakitaka kaboni, mbio za magari na vyombo vya anga. Hayo ndiyo maeneo ya kwanza kufunga dirisha la ajira mpya uchumi ukitikisika, kwa sababu yanaendeshwa na bajeti za utafiti na fedha za wadhamini. Kazi zinazodumu hazipigwi picha. Mwaka 1971 Mwingereza Eric Wood alibuni njia ya kukarabati bomba bovu la majitaka bila kuchimba barabara: soksi ya kitambaa iliyoloweshwa resini inaingizwa ndani ya bomba la zamani, inapanuliwa, inaivishwa, na linakuwa bomba jipya ndani ya lile kuukuu. Hiyo ni kompoziti halisi, yenye kemia ileile na makosa yaleyale ya mapovu na mikunjo, na majitaka hayapungui kwa sababu ya mdororo. Vivyo hivyo nondo za faiba ya kioo kwa zege la madaraja na kuta za bahari, ambako chuma huliwa na chumvi. Marekani ilipata kanuni kamili ya usanifu wa zege lenye nondo hizo mwaka 2022 tu, ile ya ACI 440.11, maana yake ni kwamba wahandisi wanaoijua kwa undani bado ni wachache. Na serikali zinapotaka kufufua uchumi, mara nyingi fedha hupita kwenye barabara, madaraja na maji. Hazipiti kwenye magari ya mbio.

Historia ya kaboni yenyewe iko upande wangu. Rolls-Royce ilijaribu kutumia mapanga ya feni ya nyuzi za kaboni kwenye injini ya RB211, yakashindwa jaribio la kugongwa na ndege mnyama, ikabidi irudie titani. Gharama za injini ile ziliiangusha kampuni Februari 1971. Mwaka huohuo Toray ya Japani ikaanza kuuza nyuzi zake za kaboni, wakati ambapo waunda ndege hawakuwa tayari kununua nyingi. Zikaenda kwenye fimbo za kuvulia na vijiti vya gofu. Kwa miaka kadhaa, nyuzi ambazo leo zinabeba mbawa ziliishi kwa pesa za wavuvi wa starehe. Wapo wanaotumia visa kama hiki kuhubiri kwamba taabu huzaa ubunifu, na kwamba hata faiba ya kioo ilitoka katika mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Ni kweli ilitoka humo, viwanda vya kioo vikitafuta cha kufanya. Ila mahubiri hayo hayalipi kodi ya nyumba, na aliyebuni si yule aliyepunguzwa.

Jambo moja huwa halisemwi kwenye mijadala ya ajira, nalo linaweza kufunga safari ya mtu kabisa. Epoksi, aina mojawapo ya resini, na hadina zake zinaweza kuufanya mwili ujenge mzio. Ukishajenga, hata tone dogo linawasha, linavimbisha, na kwa kawaida mzio huo hauondoki maishani. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kukaa karibu na kalibu, awe na cheti cha nani. Stayirini, kemikali iliyomo kwenye resini za boti, ina madhara yake kwenye mishipa ya fahamu. Sasa, mdororo ukija, kinachokatwa kimyakimya ni vichujio vya barakoa, glavu za kubadilisha na feni ya kutoa hewa, na fundi anayeogopa kupunguzwa hasemi. Anajua foleni ya nje. Anabadilishana miaka ishirini ya kazi kwa miezi sita ya mshahara, na hakuna anayemwonyesha hesabu hiyo.

Mashine zinazolaza nyuzi bila mikono ya fundi nitazipita haraka, maana zinaogopwa kuliko inavyostahili. Ni ghali, na wakati wa mdororo fedha za kununua vitu ghali ndizo zinazokauka. Zinakuja baada ya hapo, kampuni inapopata oda na haipati watu. Ilivyokuwa baada ya 2021 ndivyo itakavyokuwa tena: waunda ndege na wasambazaji wao walitaka warudi wale waliowaachia, wakakuta wengi wameshapata kazi kwingine na hawana hamu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Pengo hilo ndilo linalonunua mashine, na pia ndilo dirisha bora zaidi la mtu mpya kuingia. Anayejifunza katika mwaka mbaya anakuwa tayari mwaka huo wa kutafutwa.

Isle of Wight nako hapakubaki kitupu. Vestas ilibakiza shughuli zake za utafiti kisiwani, na takriban miaka mitano au sita baada ya wale mafundi kutolewa ofisini, mapanga ya mita 80 ya mitambo mikubwa ya baharini yalianza kutengenezwa hapohapo. Waliofukuzwa 2009 wakiwa na miaka 50 walikuwa wanakaribia kustaafu. Waliokuwa na 25 walikuwa na muda wa kurudi, kama mikono yao ilikuwa bado inakumbuka resini na kama walikuwa na karatasi ya kuthibitisha.